Homa ya Gari: Historia ya Maji ya Injini

Msafiri aliyezoea barabara za milimani za Afrika ya Mashariki hakosi kuwa ameliona lori lililosimama kando ya njia, boneti wazi, mvuke ukipanda, na utingo akishuka bondeni na dumu mkononi kutafuta maji. Watu hupita wakisema, "Gari limechemsha." Mwalimu wa sarufi angependa tuseme kwamba maji ya gari yamechemka, lakini usemi wa mafundi umekwisha shika mizizi, nao hauna kosa kubwa. Waonyesha jambo ambalo mwenye gari aghalabu hulisahau, kwamba yanayochemka ni maji, lakini kinachoyachemsha ni kitu kingine. Kukitafuta kitu hicho ndiyo kazi ya fundi.

Mimi napenda zaidi kuita hali hiyo homa. Mganga aliyesoma hasemi kwamba mgonjwa anaumwa na joto la mwili. Husema joto ni dalili, kisha huuliza lilianza lini, hupanda saa ngapi, na mgonjwa alikula nini. Fundi wa magari ya zamani apaswa kuuliza vivyo hivyo. Tena nadai kwamba gari la zamani haliwezi kuaguliwa vema na mtu asiyejua historia ya vyombo vyake vya kupoza. Kila kimoja cha vyombo hivyo kilibuniwa ili kuondoa udhaifu wa kile kilichokitangulia, nacho kikaja na udhaifu wake chenyewe. Atazamaye chini ya boneti ya gari la mwaka 1965 aona pale vitu vya vizazi vinne au vitano vimekaa pamoja kama ndugu wa nyumba moja. Na kama vile vyombo vilivyorithiwa, dawa nazo zimerithiwa. Dawa iliyofaa gari la mwaka 1920 imetumiwa katika gari la mwaka 1970, ikaliua.

Tuanze na moto wenyewe. Petroli inapoungua ndani ya silinda, joto la gesi hupita digrii 2,000 za sentigredi. Chuma cha silinda huyeyuka kwa kadiri ya digrii 1,200, na aluminiamu, ambayo ndiyo madini ya vichwa vya injini nyingi za baadaye, kwa digrii 660 tu. Katika joto lote litokalo katika petroli, theluthi moja, na mara nyingi chini yake, ndiyo igeukayo nguvu ya kusukuma gari. Sehemu nyingine kubwa hutoka na moshi. Ile iliyobaki huingia katika kuta za silinda, na isipoondolewa upesi, utando wa mafuta uliopo kati ya pistoni na silinda huungua, chuma hutanuka, na injini hukaza ikasimama. Kwa hiyo swali la kupoza injini lina umri ule ule wa injini yenyewe.

Karl Benz, Mjerumani wa mji wa Mannheim, aliandikisha hati ya gari lake la magurudumu matatu tarehe 29 Januari, 1886. Injini yake ilikuwa na silinda moja, na nguvu yake haikufikia ya farasi mmoja. Aliipozaje? Kwa kuchemsha. Aliizungusha silinda kwa maji, na maji yakachemka, na mvuke ukaenda zake angani. Msomaji asicheke, kwani katika kazi hiyo kuna elimu. Ratili moja ya maji yanapogeuka kuwa mvuke huchukua joto zaidi ya mara tano ya lile lililohitajiwa kuyatoa katika ubaridi wa barafu hadi kuchemka. Benz alilitumia jambo hilo. Katika gari lake kuchemka hakukuwa ugonjwa, kulikuwa ndiyo dawa; hasara yake ilikuwa moja tu, kwamba gari lilikunywa maji kama ngamia aliyetoka jangwani.

Mkewe, Bertha Benz, aliijua hasara hiyo kuliko mtu ye yote. Mwezi wa Agosti, 1888, alitoka Mannheim pamoja na wanawe wawili, Eugen na Richard, wakaenda mpaka Pforzheim, safari ya kilometa mia moja na zaidi. Kila walipopata maji njiani walijaza tena, na penye vilima vijana walishuka kusukuma. Watu wengi wameisifu safari hiyo kwa ujasiri wa mama yule, na sifa hiyo ni haki yake. Mwanahistoria wa ufundi huona na jambo la pili: palepale, katika safari ndefu ya kwanza ya gari duniani, dereva alijifunza kwamba maji ya injini ni kitu cha kuangaliwa kila saa. Ujuzi huo ukawa mazoea ya madereva wote waliofuata, nao ungali katika mkono wa utingo mwenye dumu. Ila utingo huyo huongeza maji katika chombo ambacho hakikukusudiwa kupoteza hata kikombe kimoja. Gari la Benz lililopungukiwa maji lilikuwa gari zima. Gari la leo, au la miaka hamsini iliyopita, likipungukiwa maji kila siku, lina tundu mahali fulani, na kumimina maji bila ya kulitafuta tundu ni kumpa mgonjwa maji ya kunywa na kumwacha avuje damu.

Aliyeifunga njia ya mvuke ni Wilhelm Maybach. Katika gari la nguvu ya farasi 35 lililomalizika Desemba, 1900, ambalo ndilo la kwanza kuitwa Mercedes, Maybach aliweka mbele ya injini kitu mfano wa sega la nyuki: vijibomba 8,070, kila kimoja mraba wa milimeta 6, vikiungwa pamoja. Upepo ulipita ndani ya vijibomba na maji yalipita katikati yao. Nyuma yake aliweka feni, ili upepo usikosekane gari likienda polepole. Maji yakawa yanazunguka yaleyale, lita chache tu, yakipokea joto na kulitoa. Hiyo ndiyo rejeta, na umbo la gari tulijualo, lenye uso mbele kama uso wa mtu, lilitokana nayo.

Lakini rejeta ilipozaliwa, ugonjwa wake ulizaliwa nayo. Njia nyembamba huziba. Kwa nje huziba kwa tope, mbegu za majani na wadudu; nalo hilo laonekana kwa macho, na tiba yake ni maji yamwagwayo kutoka upande wa injini kuelekea mbele, si kutoka mbele kwenda ndani, maana hivyo takataka huzidi kushindiliwa. Kwa ndani huziba kwa kutu na chokaa, na hilo halionekani. Hapa nchi zetu zina habari yake zenyewe. Visima vya pwani, tangu Lamu hadi Kilwa na visiwani, vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake yamejaa chokaa. Mwenye kutaka ushahidi na atazame ndani ya birika la chai lililotumiwa miaka miwili. Injini ni birika lililo kali zaidi. Dereva ajazaye rejeta kwa maji ya kisima kila siku hujenga ukuta mwembamba wa mawe katika vijibomba, na ukuta huo huzuia joto. Maji ya mvua ni bora mno. Fundi mwenye mikono mizuri huipima rejeta iliyoziba kwa kuipapasa injini ikiisha zimwa: mahali palipo baridi kati ya mahali palipo moto ndipo maji yasipopita. Lakini kwanza aondoe mkono penye feni, hasa katika magari ambayo feni yake huweza kuzunguka yenyewe hata injini ikiwa imezimwa.

Katika miaka hiyo hiyo gari lilifika kwetu. Paul Graetz, askari wa Kijerumani, alitoka Dar es Salaam Agosti, 1907, katika gari lililotengenezwa Gaggenau, akafika Swakopmund upande wa bahari ya magharibi Mei, 1909. Miezi ishirini na moja kuvuka bara! Katika vita vya 1914 hadi 1918 magari mepesi ya Ford yalitumiwa katika mapigano ya Afrika ya Mashariki, na baada ya vita gari la Ford la namna ya T likawa ndilo gari la walimwengu. Lilitengenezwa tangu 1908 hadi 1927, zaidi ya milioni 15, nalo ndilo lililowafundisha udereva na ufundi watu wengi wa kizazi cha kwanza.

Yafaa tukae kidogo na gari hili, kwa sababu mazoea mengi ya mafundi yalizaliwa nalo. Magari yake ya mwanzo, kadiri ya 2,500, yalikuwa na pampu ya maji; kisha Henry Ford akaiondoa. Alitegemea tabia ya maji yenyewe: yakipata moto huwa mepesi, hupanda; yakipoa huwa mazito, hushuka. Basi maji yalipanda kutoka kwenye injini hadi juu ya rejeta, yakashuka ndani yake yakipoa, yakarudi chini ya injini. Hapana pampu ya kuharibika. Hapana mkanda wa pampu wa kukatika. Ilikuwa fikira nzuri ya mtu apendaye urahisi. Lakini mwendo huo wa maji ulikuwa na sharti moja: maji yasishuke chini ya mdomo wa bomba la juu. Yakishuka chini ya hapo hata kwa upana wa kidole, duara limekatika, na maji yote yaliyobaki, hata yakiwa robo tatu ya rejeta, hayaendi po pote, yanachemka mahali pake. Madereva wa zamani walilijua hilo vizuri. Walijaza mpaka juu, wakaona gari limepona, wakasadiki kwamba kujaza ndiyo tiba ya homa zote.

Jambo la pili walilojifunza kwa gari hili lilikuwa la hekima zaidi, na nasikitika kwamba limesahauliwa kuliko lile la kwanza. Chini ya usukani wa Ford hiyo palikuwa na fimbo mbili ndogo, na moja ilikuwa ya kuuwahisha au kuuchelewesha moto wa plagi. Dereva aliyewasha gari kwa moto uliocheleweshwa, kama ilivyompasa, kisha akasahau kuurudisha, aliona maji yakichemka baada ya mwendo mfupi. Rejeta ilikuwa safi, maji yalikuwa tele, feni ilizunguka. Kosa lilikuwa katika wakati wa moto: petroli iliungua kwa kuchelewa, na joto likaingia katika kuta na njia za moshi badala ya kusukuma pistoni. Dereva wa mwaka 1920 alijua basi kwamba homa yaweza kutoka mahali pasipo na maji kabisa. Mafundi wengi waliokuja baadaye, walipokuta gari linachemka, wameuza rejeta mpya kwa mwenye gari maskini bila ya kuutazama wakati wa moto, wala karabureta inayotoa petroli haba mno, wala breki zinazoshika gurudumu na kuifanya injini ibebe mlima katika uwanda.

Injini zilipokuwa kubwa, maji ya kujiendea yenyewe hayakutosha. Ford mwenyewe aliirudisha pampu katika gari la namna ya A lililoifuata ile ya T. Pampu ilikuja na mkanda, na mkanda ulikuja na kulegea kwake. Sitakawia hapo, mkanda uliolegea hupiga kelele, na pampu iliyochakaa hudondosha maji chini ya ekseli yake, hata mtoto aona.

Kilicho kigumu kuonekana ni thamostati. Injini ikiwa baridi hula petroli nyingi, husaga silinda zake, na hukusanya maji na tope katika mafuta. Kwa hiyo wahandisi waliweka mlango mdogo katika njia ya maji ya juu, ufungwe injini ikiwa baridi na ufunguke ikipata moto. Thamostati za kwanza zilikuwa na kifuko cha shaba kilichokunjwa kama kinanda cha mkono, ndani yake mna majimaji yageukayo mvuke upesi. Kifuko hicho kilikuwa na uungwana wake: kikitoboka, kilitanuka na kuuacha mlango wazi. Gari lilikuwa baridi, lakini halikufa. Ila kilidanganywa na shinikizo la maji, na maji ya injini yalipoanza kufungiwa kwa shinikizo, kama nitakavyoeleza, kikaachwa. Mahali pake ikaja thamostati ya nta, iliyobuniwa na Sergius Vernet katika miaka ya 1930. Nta ikiyeyuka hutanuka kwa nguvu, husukuma msumari, mlango hufunguka, shinikizo haliidanganyi. Lakini ikifa, mara nyingi hufa mlango ukiwa umefungwa.

Hapa ndipo nionapo chanzo cha ubishi mkubwa kuliko wote katika gereji zetu. Fundi aliyekutana na thamostati ya nta iliyokufa, gari limechemka na mwenyewe analia, aliitoa, akalirudisha gari bila ya kitu, na gari likapoa. Akahukumu: katika nchi za joto thamostati haina kazi, ni kitu cha Wazungu na theluji zao. Hukumu hiyo ikaenea tangu Mombasa hadi Bujumbura, na hata sasa liko gari la zamani ambalo jambo la kwanza alilofanyiwa mikononi mwa fundi ni kutolewa thamostati.

Hukumu hiyo haikosi mantiki, imekosa historia. Gari la Ford namna ya T lilitengenezwa bila thamostati, na njia zake za maji zilipimwa hivyo. Katika injini nyingi zilizokuja baadaye, mlango ule una kazi mbili. Iko njia fupi itokayo juu ya injini kurudi kwenye pampu bila ya kupita katika rejeta, ili maji yazunguke injini ikiwa bado baridi. Thamostati ikifunguka kwenda kwenye rejeta, sehemu yake ya chini huifunga njia ile fupi. Injini ya petroli ya Land Rover ya lita 2.25, iliyobeba nusu ya kazi za serikali na misheni katika nchi hizi, ilikuwa na njia hiyo. Itoe thamostati, na njia fupi hukaa wazi milele. Pampu huyavuta maji ya moto yasiyopoa na kuyarudisha katika injini. Uwandani gari huwa baridi kupita kiasi, na injini hula petroli na kujisaga. Mlimani, wakati kila tone lilihitajiwa katika rejeta, sehemu ya maji imetoroka. Mwenye gari huona mambo mawili yasiyopatana, baridi na homa katika chombo kimoja, akadhani amelogwa.

Kumjua mgonjwa huyu ni kazi rahisi na haihitaji mashine. Tia thamostati katika sufuria ya maji juu ya jiko pamoja na kipimajoto, isiguse chini ya sufuria. Namba iliyopigwa katika shaba yake, 74 au 82 au 88, ndiyo digrii itakapoanza kufunguka. Ikifunguka karibu na hapo, na ikijifunga maji yakipoa, haina hatia, tafuta mwingine.

Nimetaja shinikizo. Maji huchemka kwa digrii 100 usawa wa bahari tu. Kila tupandapo kadiri ya meta 300, kipeo hicho hushuka kwa digrii moja. Mombasa maji huchemka kwa 100. Nairobi kwa kadiri ya 94. Na Timboroa, penye kilele cha reli ya Uganda karibu na meta 2,780, kwa digrii 91 au chini yake. Tafakari maana yake. Gari lipandapo kutoka pwani kwenda Eldoret lafanya kazi ngumu kuliko zote mahali ambapo maji yake yana subira ndogo kuliko zote. Haikuwa ajabu kwamba magari ya kale yaliyokuwa wazi kwa hewa yalitoa mvuke kule juu hata yakiwa mazima.

Dawa ilikuwa kifuniko chenye springi, kilichoenea katika magari ya miaka ya 1930 na kuwa desturi baada ya vita vya pili. Kila ratili moja ya shinikizo kwa inchi ya mraba huongeza kipeo cha kuchemka kwa digrii moja na nusu au zaidi kidogo. Kifuniko cha ratili 7 huyafanya maji ya Mombasa yachemke kwa kadiri ya digrii 111, na ya Timboroa kwa kadiri ya 105. Tofauti ya 91 na 105 ndiyo tofauti ya kufika na kutofika, nayo imo katika kipande cha mpira kisichozidi upana wa shilingi chache zilizopangwa pamoja. Mpira huo ukikatika, au kifuniko kikipotea na mahali pake pakatiwa kitambaa au gunzi la mhindi, shinikizo limekwenda. Uwandani dereva hataona kitu. Atapanda mlima, maji yatachemka, atasema rejeta imeziba. Nimeona rejeta tatu zikinunuliwa kwa ajili ya kifuniko kimoja. Wapo na waliokosa kwa upande wa pili: wakachukua kifuniko cha gari jipya, chenye ratili 13 au 15, wakakitia katika rejeta kuukuu iliyoungwa kwa risasi, ikapasuka.

Kifuniko hicho kilileta na hatari ambayo madereva wa Ford hawakuijua kwa ukali wake. Maji yaliyofungiwa kwa digrii 110 hayajachemka. Ukifungua, huchemka yote kwa mara moja na kurukia uso. Wako watu waliopoteza macho hivyo, na wengi wao walikuwa vijana wa utingo waliotumwa na wakubwa wao. Asifunguliwe mtu ye yote rejeta mpaka mkono uweze kukaa juu yake bila ya kuungua.

Juu ya dawa ya rejeta nitasema machache. Asili yake ni gilaikoli, iliyotengenezwa kwanza na Charles Adolphe Wurtz, mkemia wa Kifaransa, katika miaka ya 1850, na kuuzwa kwa wenye magari huko Marekani kwa jina la Prestone tangu 1927. Ilikusudiwa kuzuia barafu, na kwa hiyo watu wetu waliikataa kwa hoja ileile ya thamostati. Kweli maji matupu hubeba joto vizuri kuliko gilaikoli. Lakini dawa hiyo hupandisha kipeo cha kuchemka, na zaidi ya hayo imechanganywa na vitu vizuiavyo kutu. Injini yenye kichwa cha aluminiamu juu ya chuma, ikitiwa maji matupu miaka mingi, huliwa polepole kama jino. Ni tamu, nayo ni sumu kali; isiachwe wazi mahali penye watoto wala wanyama.

Walikuwapo walioona kwamba heri kuyaacha maji kabisa. Gari la Volkswagen la Ferdinand Porsche lilipozwa kwa upepo wa feni tu, na katika mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki, yaliyoanza 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, lilishinda mara kadha wa kadha, ya mwisho ikiwa 1962. Kisha ikaja zamu ya Peugeot 404, gari la maji, lililoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968; mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland wa Tanzania. Feni ya 404 ilishikwa kwa sumaku ya umeme: maji yakiwa baridi ilizunguka ovyo bila nguvu, yakipata moto sumaku iliishika. Ukisikia basi kwamba 404 ya zamani inachemka ikisimama mjini na kupona ikikimbia, usianze na rejeta. Tazama waya wa sumaku.

Na kwa kweli swali hilo, lachemka wapi, ndilo la kwanza kwa gari lo lote. Lichemkalo likisimama au likienda polepole lina upungufu wa upepo: feni, mkanda, au nje ya rejeta. Lichemkalo kwa mwendo wa kasi penye uwanda, upepo ukiwa tele, lina upungufu wa mwendo wa maji, au kosa la moto na petroli. Lichemkalo mlimani tu, litazamwe kifuniko. Na lile lichemkalo dakika chache baada ya kuwashwa, mipira yake ya maji ikawa migumu kabla injini haijapata moto, lina kidonda kibaya kuliko vyote: gasketi ya kichwa imetoboka, au kichwa kina ufa, na gesi ya silinda yaingia katika maji. Mapovu yataonekana mdomoni mwa rejeta iliyowashwa ikiwa baridi na wazi. Moshi utakuwa mweupe usiokoma. Na mafuta katika kijiti cha kupimia huenda yakawa kama chai ya maziwa.

Nitamaliza na gari moja nililolijua. Lilikuwa Land Rover ya chama cha wakulima katika milima ya Usambara, nayo ilibeba mboga kushuka, na mara nyingi wagonjwa na wajawazito. Barabara itokayo Mombo kwenda Lushoto hupanda karibu meta 1,000 kwa kilometa zipatazo 33, na gari lilichemka kila siku katika kona za juu. Katika gereji moja ya mjini walitoa thamostati. Ikawa vibaya zaidi. Wakabadili rejeta, kisha gasketi ya kichwa mara mbili, maana kichwa kilikuwa kimekwisha pinda kwa joto. Fedha za chama zilikwenda, na miezi minne wagonjwa walishushwa kwa machela. Mwishowe wakamwita mzee mmoja aliyekuwa fundi wa mashamba ya mkonge. Hakufungua kitu. Alikaa juu ya jiwe akamwuliza dereva: lilianza kuchemka lini, nawe siku zile ulikuwa umebadili nini? Dereva akafikiri sana, akasema kwamba kabla ya hayo yote kifuniko cha rejeta kilianguka njiani, wakanunua kingine sokoni.

Mzee akakitazama kifuniko. Kilikuwa bati tupu, hakina springi wala mpira. Akauliza juu ya thamostati. Ilikuwamo katika sanduku la spana, imefungwa katika karatasi. Akawasha jiko la mkaa, akateleka sufuria, nasi tukasimama tukiitazama. Kwa digrii 82 ikaanza kufunguka.